Siku Fupi, Usiku Mrefu: Wasomaji Wauliza kuhusu Wakati

Barua za safari hii zimetoka Kondele, Maseno, Nakuru, Mumias, Bungoma na Luanda. Ukizipanga mezani utadhani ni ndugu wa tumbo moja: huyu siku haimtoshi, yule usiku haumwishi, wa tatu anaona umri umempita akiwa amesimama. Tumezifupisha, na majina tumeyaacha nje.

Mimi ni fundi cherehani. Kila mteja namwambia Ijumaa, na Ijumaa ikifika namwambia Jumatatu. Si uvivu, kwa maana nafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa moja usiku. Wateja wameanza kuniita mwongo. Kasoro iko wapi?
*Fundi, Kondele, Kisumu*

Iko katika swali unalojiuliza mteja akiwa amesimama mbele yako. Unajiuliza, "Gauni hili litanichukua muda gani?" Jiulize badala yake, "Magauni matano ya mwisho kama hili yalitoka hapa baada ya siku ngapi?" Swali la kwanza linajibiwa na mikono yako, ambayo ni myepesi. La pili linajibiwa na kibanda kizima: foleni, stima iliyopotea, bitana ambayo haijaletwa, na jirani aliyeingia na zipu ya suruali akisema, "Dakika mbili tu, fundi."

Hauko peke yako. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza kosa hili mwaka 1979, na mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake wakalipima kwa wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakiandika tasnifu. Walipoulizwa watamaliza baada ya siku ngapi, wastani wa majibu ulikuwa siku 34. Wakaulizwa tena: na kila kitu kikienda kombo? Wakasema 49. Walichukua siku 55 na nusu. Hata waliporuhusiwa kuogopa hawakuogopa vya kutosha, na hao walikuwa na kazi moja mkononi, si nguo kumi na mbili zinazoning'inia kwenye waya.

Nunua daftari la shule, lile la kurasa 48, uchore safu tano: aina ya nguo, siku ya kupima, siku vifaa vyote vilipotimia, siku ya kumaliza, siku mteja alipochukua. Funga penseli kwa uzi kwenye mguu wa cherehani, maana penseli ikianza kutembea, daftari hufa wiki ya pili. Usihangaike kuandika saa za kushona. Wengi huandika hizo tu na kujidanganya upya, kwa sababu gauni la saa nne za kazi laweza kukaa kibandani siku tisa.

Ukishafikisha nguo tano za aina moja, hesabu siku kutoka safu ya tatu hadi ya nne, uzipange kuanzia ndogo. Tuseme umepata 4, 6, 7, 9 na 15. Ukimtajia mteja ile ya katikati, siku 7, karibu nusu ya watakaokuja watakuta nguo haijaisha. Ile ya 15 pengine ilikuwa wiki ya msiba. Taja ya nne, yaani 9. Hapo wanne kati ya watano watakuta nguo imepigwa pasi na kukunjwa.

Siku hizo 9 tayari zina foleni yako ya kawaida ndani yake. Foleni ikizidi kawaida, ongeza. Kama waya una nguo 12 za watu na wewe humaliza 2 kwa siku, siku 6 za mbele zimeshauzwa. Mteja mpya anaanza siku ya saba hata akikusihi vipi. Na siku zake hazihesabiwi tangu apimwe. Zinaanza siku bitana, vifungo na malipo ya awali vitakapokuwa mezani, na maneno hayo yaandike kwenye kikaratasi anachoondoka nacho, kwa sababu mdomo wa Jumatatu husahaulika Alhamisi.

Marekebisho madogo yape saa yake, mathalani saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Zipu ya "dakika mbili" hula dakika ishirini ukihesabu kuvua uzi mweusi, kutia wa kahawia, na kurudi kutafuta ulipoachia gauni la watu. Sare za shule nazo zina hesabu yake. Shule hufunguliwa Januari na wazazi wote huja wiki moja. Amua mapema idadi unayoweza, tuseme 40, na ukiifikia funga daftari hata kama bado ni tarehe 12 Desemba.

Mwezi wa kwanza utapoteza mteja mmoja au wawili wanaopenda kuambiwa Ijumaa. Hao wataambiwa Ijumaa kwingine.

Wanafunzi wangu wamesoma mahali kwamba Mwafrika hana wakati ujao, ana "Sasa" na "Zamani" tu. Pia wageni hushangaa tunavyohesabu saa. Niwajibu nini darasani?
*Mwalimu, Maseno*

Mwalimu, aliyeandika hayo ni John Mbiti, mwanatheolojia mzaliwa wa Kitui, mwaka 1969. Aliyaazima maneno hayo mawili ya Kiswahili kueleza hoja yake: kwamba katika fikra za jadi wakati hutengenezwa na matukio, hivyo jambo ambalo halijatukia wala halionekani kukaribia halina uzito wa wakati. Hoja hiyo ilipingwa na wengi, mmojawapo mwanafalsafa wa Ghana Kwame Gyekye. Darasani si lazima umtetee wala umpinge. Waulize wanafunzi Kiswahili kina majina mangapi ya siku ambazo hazijafika. Wataanza na kesho na keshokutwa, kisha watakwama. Wape mbili zilizobaki: mtondo, siku inayofuata keshokutwa, na mtondogoo, inayofuata mtondo. Watu wasiojali yajayo hawangejisumbua kuzipa majina siku nne mfululizo. Alipopatia Mbiti ni kwenye matukio: mkutano wa chama huanza watu wakishafika, na hakuna anayeona ajabu.

Kuhusu saa, shule yako iko mahali bora kuliko zote. Ikweta inapita Maseno. Hapo mchana una saa 12 na dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo kuhesabu kuanzia macheo ni jambo la akili: jua likishatoka na saa moja kupita, ni saa moja. Mtu wa London hawezi. Mchana wake wa Juni unapita saa 16 na wa Desemba haufiki 8. Akianza kuhesabu na jua atapotea.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Saa rasmi ya Kenya imefungwa kwenye mstari wa longitudo wa digrii 45 mashariki, na mstari huo hauigusi Kenya. Unapita karibu na Mogadishu. Dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4. Kisumu iko karibu na digrii 34.75, pungufu ya digrii 10 na robo, kwa hiyo jua lenu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa takriban dakika 41. Mombasa liko nyuma kwa dakika 21 hivi. Mtoto wa Kisumu na wa Mombasa wakiambiwa wafike shuleni saa moja kamili, wa Kisumu ameamka gizani zaidi kwa dakika 20. Na kwa mwendo wa dunia kulizunguka jua, macheo ya Kisumu huhama: mapema Novemba jua hutoka karibu na saa kumi na mbili na dakika 20, katikati ya Februari karibu na saa moja kasoro dakika 10. Mzazi anayelalamika kwamba Februari asubuhi ni nyeusi hajakosea.

Pimeni wenyewe mwezi wa Juni. Simamisheni fimbo ya mita moja uani, iwe wima kwa uzi wenye jiwe mwishoni. Saa tano kamili wekeni alama penye ncha ya kivuli. Kitakuwa na sentimita 68 hivi. Fungeni kamba shinani mwa fimbo na mchore duara linalopita kwenye alama hiyo. Kivuli kitaingia ndani ya duara, kifupike hadi sentimita 43 hivi kikielekea kusini, kisha kirefuke na kuligusa duara upande wa pili. Andikeni saa hiyo. Mkipata saa nane na dakika 24, basi zimepita saa tatu na dakika 24. Nusu yake ni saa moja na dakika 42. Adhuhuri ya kweli ya Maseno ni saa sita na dakika 42. Msijaribu kuvizia kivuli kifupi kabisa kwa macho, kwa sababu karibu na adhuhuri urefu hubadilika kidogo mno na kila mtoto atapata jibu lake. Fimbo ikiinama hata kidogo, zoezi limeharibika.

Baada ya hapo waulize: ni nani aliyechelewa, jua au saa? Mabishano yatakayofuata yatafaa kuliko maelezo yetu, maana watagundua wenyewe kwamba saa ya ukutani ni mapatano ya watu, na mapatano yana sababu zake.

Nina miaka 27, naishi Section 58. Nilimaliza chuo miaka minne iliyopita na tangu hapo ni vibarua vya stima tu, leo ipo kesho haipo. Wenzangu wameoa, wengine wamejenga. Nahisi nimechelewa maisha.
*Kijana, Nakuru*

Umechelewa kwa ratiba ya nani? Hatukukejeli. Chukua karatasi, andika mambo matatu unayoona umechelewa, na mbele ya kila moja andika aliyeweka tarehe. Utakuta nyingine hazina mwenyewe; ziliokotwa tu kwenye picha za simu. Nyingine zina mwenyewe wa kweli na hizo ndizo za kuhangaikia. Kama ulichukua mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, sheria inautaka uanze kulipwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na wewe una miaka minne. Nenda uongee nao juu ya kiasi unachoweza kabla deni halijavimba. Kwa upande mwingine, Katiba ya 2010, kifungu cha 260, inamhesabu kijana kuwa aliyefikisha miaka 18 na hajafikisha 35. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mlango huo, kwako, una miaka minane.

Vibarua vya stima miaka minne si miaka iliyopotea, ni miaka isiyo na karatasi. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, huwapima mafundi kwa ujuzi walio nao, kuanzia gredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza. Hawakuulizi ulijifunzia wapi. Wanataka uunganishe waya mbele yao. Wanaoanguka mara nyingi si wasiojua kazi, ni waliozoea njia za mkato za kibarua: waya wa kijani na njano uliotumiwa kama wa moto, maungio yaliyofungwa kwa utepe bila boksi. Kabla ya kujisajili, fanya mwezi mmoja ukifunga kila nyumba kana kwamba mtahini amesimama nyuma yako.

Kuhusu aliyejenga: wewe unaona mabati, huoni mwaka aliopima kiwanja. Mtafute mmoja tu kati ya hao, si watano, umuulize alianza lini, nani alimshika mkono, na alikwama wapi. Wengi hufurahi kuulizwa swali la tatu.

Halafu acha kung'oa mche kila mwezi kuangalia mizizi. Parachichi la Hass lililopandikizwa hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuzaa vizuri. Sukuma wiki hukatwa baada ya wiki chache. Wote wawili wako shambani kwa wakati wao. Kazi unayoitafuta ni ya kundi la kwanza, kwa hiyo kwa siku 90 usihesabu majibu, hesabu uliyofanya: maombi matano kwa wiki, kila moja likiwa limeandikwa kwa kazi hiyo, si barua moja iliyobadilishwa jina juu. Siku ya 90 ndipo utazame. Kama hakuna hata mmoja aliyekuita, kasoro huenda iko kwenye karatasi zako, na hilo hurekebishika. Kama wameita watatu na hawakukuchukua, tazama mahojiano. Tofauti hiyo huwezi kuiona ukipima kila Ijumaa.

Nina miaka 58. Mbona miaka inakimbia kuliko nilipokuwa kijana? Krismasi haijaisha, nyingine imebisha hodi.
*Msomaji, Lanet, Nakuru*

Tunapotazama nyuma, tunapima muda kwa kumbukumbu mpya zilizomo ndani yake. Mwaka wenye njia ileile, duka lilelile na mazungumzo yaleyale huacha alama chache, nao huonekana mfupi. Kila usiku andika mstari mmoja wa kitu kilichokuwa tofauti na jana. "Nilinunua ndizi" haitoshi. "Ndizi za leo zilitoka Kisii, mama aliupima mkungu kwa mkono akakataa mizani" inatosha. Soma mistari yote mwisho wa mwezi. Na mara moja kwa wiki rudi nyumbani kwa njia nyingine.

Nalima miwa. Kila usiku saa tisa macho yako wazi, nahesabu karo na madeni. Asubuhi nimechoka kabla ya kushika jembe.
*Mkulima, Mumias*

Mzee wetu, hapa kuna matatizo mawili yaliyolala kitanda kimoja. Tuyatenganishe.

La usiku kwanza. Mwaka 2018 Michael Scullin wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, aliwaandikisha watu 57 kwa dakika tano kabla ya kulala. Nusu waliandika kazi zinazowasubiri siku zijazo, nusu waliandika walizokwisha maliza. Walioandika zinazowasubiri walipata usingizi mapema kwa takriban dakika 9, na kadiri orodha ilivyokuwa na mambo bayana ndivyo walivyolala haraka. Kwa hiyo usiandike "karo". Andika "Jumanne, kumwona bursa, kwenda na 4,000, kuomba salio hadi Oktoba." Jambo lenye siku na mahali huacha kuzunguka kichwani.

Utafiti huo ulihusu kuanza usingizi. Kwa kuamka saa tisa kuna mbinu nyingine, iliyochunguzwa na Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983: tenga nusu saa ya wasiwasi. Iwe saa ileile kila siku, tuseme saa kumi na moja unusu jioni, mahali palepale, na pasiwe kitandani. Kiti chini ya mwembe kinafaa. Hapo hangaika kwa bidii zote, na kalamu mkononi. Wasiwasi ukija saa nyingine, andika neno moja la kuukumbusha na uuambie usubiri kiti chake. Wiki ya kwanza utacheka. Ya pili au ya tatu ndipo huanza kushika, na wanaoshindwa ni wale waliofanya siku tatu wakaacha, au waliofanyia kitandani.

Ukiamka usiku, usitazame saa wala simu, kwa sababu kila ukitazama unaanza kuhesabu usingizi uliobaki, na hesabu huamsha. Ukiona usingizi haurudi baada ya kama dakika 20, toka kitandani, keti kwenye mwanga hafifu, urudi macho yakiwa mazito. Chai ya majani ya saa moja jioni bado ina karibu nusu ya kafeini yake damuni usiku wa manane, maana mwili huchukua saa tano hivi kuiondoa nusu. Sogeza kikombe cha mwisho hadi saa tisa mchana. Pombe hulaza haraka kisha huvunja nusu ya pili ya usiku, yaani saa tisa hiyohiyo. Na deni huonekana kubwa saa hizo kwa sababu moja rahisi: hakuna mlango unaoweza kuubisha. Bursa amelala.

Sasa la kalenda. Miwa hukaa shambani miezi 18 au zaidi kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Inayochipua baadaye huchukua muda pungufu kidogo tu. Karo huja mara tatu kwa mwaka. Hata ungekuwa na pesa zinazotosha, zingefika kwa mwendo usiolingana na mahitaji, na pengo hilo ndilo linalozibwa kwa mikopo ya simu. Piga hesabu moja: mkopo wa 5,000 kwa asilimia 8 kwa mwezi, ukiuzungusha miezi 12 kwa kulipa riba na kukopa upya, umeshalipa 4,800 na bado unadaiwa 5,000 zilezile. Hapo wakati umekuwa upande wa mkopeshaji.

Andika madeni yote kwenye ukurasa mmoja: nani, kiasi, siku, na kinachoongezeka kwa mwezi. Linaloongezeka haraka lilipwe kwanza hata kama mwenyewe hapigi kelele. Shemeji anayepiga kelele bila riba anaweza kuambiwa tarehe. Kwa bursa, nenda kabla muhula haujafunguliwa na uende na kitu mkononi. Mzazi anayekuja mapema na nusu ya pesa husikilizwa tofauti na anayeitwa mtoto akiwa langoni.

Kwa upande wa shamba, miwa ikiwa bado michanga, nafasi kati ya mistari hukubali maharagwe, ambayo hukomaa kwa miezi mitatu hivi. Usichelewe: miwa ikishafunga kivuli, maharagwe hupata majani tu. Ukiyavuna, usiyachanganye na pesa za miwa kichwani. Hayo ni ya muhula unaofuata, yameandikwa jina.

Kama huzuni na kukosa usingizi vimepita wiki mbili mfululizo, na hata kile ulichokipenda hakikuvuti, ni vyema kuonana na daktari. Ikiwa mawazo ya kujidhuru yanakujia, usingoje asubuhi: piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu ya Kenya.

Mume wangu alifariki miezi 14 iliyopita. Kila mtu ananiambia muda utaponya. Mbona kuna siku ni kama jana?
*Mama, Bungoma*

Pole sana, mama. Muda peke yake hauponyi. Huponya yanayofanyika ndani yake. Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza mwaka 1999 kwamba aliyefiwa huenda na kurudi kati ya kazi mbili: kumlilia aliyeondoka, na kushika maisha yaliyobaki, yaani karo, shamba, paa linalovuja. Kuhamahama huko ndiko uzima. Ukiuza sokoni Chwele na ukacheka, hujamsahau. Ukilia kesho yake, hujarudi nyuma. Wazee wa Kibukusu wameliwekea jambo hili mahali pake kwa miaka mingi: baada ya maziko, katika *khuswala kumuse*, mzee husimama mbele ya watu na kuisema historia ya ukoo, wafiwa wakisikiliza, kabla kila mtu hajarudi kwake.

Siku ngumu zina tarehe. Ziandike kwenye kalenda: siku aliyofariki, siku ya ndoa yenu, kufunguliwa kwa shule, wiki ya Desemba jamaa wote wakirudi nyumbani. Wiki mbili kabla, mwombe mtu mmoja awe nawe siku hiyo, na wiki hiyo usikubali uamuzi wowote mkubwa, kama kuuza ng'ombe au kusaini karatasi yoyote ya shamba. Watu huja na kalamu hasa wakati huo.

Nguo zake zitie kwenye vikapu vitatu: za kubaki, za kugawa, na za bado sijui. Nusu saa tu kwa siku moja, kisha funga chumba. Kikapu cha tatu kikijaa kuliko vyote, sawa.

Karatasi nazo zina mwendo wake ambao hausubiri machozi. Ombi la kusimamia mirathi huchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, mwenye pingamizi hupewa siku 30, na hati yenyewe kwa kawaida huthibitishwa baada ya miezi sita tangu itolewe. Kama hujaanza, anza, kwa sababu shamba lililobaki kwa jina la marehemu ni rahisi kunyemelewa.

Kulia baada ya miezi 14 si ugonjwa. Ila wataalamu huangalia kitu kimoja: je, kumtamani kumekushika karibu kila siku mwezi mzima uliopita, hata kupika, kula na kulea vimekushinda? Madaktari wa akili wa Marekani waliweka mpaka wa miezi 12 kwa mtu mzima mwaka 2022. Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita. Jibu likiwa ndiyo, nenda hospitali ya kaunti umwone mshauri. Utamweleza miezi mingapi, siku ngapi kwa wiki, na usingizi wa saa ngapi. Ukienda na hayo yameandikwa, atakusaidia haraka zaidi.

Mimi ni bodaboda. Nimejiwekea 1,000 kwa siku kabla ya kupaki. Siku nyingine napata saa nane mchana, nyingine hata saa nne usiku bado. Nakosea wapi?
*Mwendeshaji, Luanda*

Siku ni kipimo kibaya kwa kazi yako. Mwaka 1997 Colin Camerer na wenzake walichunguza madereva wa teksi wa New York wakaona wengi walifunga mapema siku nzuri na kukesha siku mbaya. Watafiti wa baadaye walibishana na takwimu zao, lakini hesabu yako haina ubishi: 1,000 kwa saa 6 ni kama 167 kwa saa, 1,000 kwa saa 14 ni kama 71, na mafuta bado hujatoa. Wewe unaziacha saa za 167 na kuzikimbiza za 71 usiku, ukiwa umechoka, barabara ina malori.

Kwa wiki mbili andika kila saa ulichoingiza, ukitoa mafuta. Utaona saa zako nono, na utaona pia pale katikati ya mchana ambapo unaunguza petroli ukizunguka bure. Hapo ndipo pa kulala. Lengo liwe la wiki, 6,000. Siku ya soko ikichangamka, endelea hata ukishapita 1,000. Siku kavu, ikifika saa mbili usiku, paki. Kama mwenye pikipiki anataka chake kila jioni, toa siku nono sehemu yake ya siku mbili, uiweke kando kwenye simu, na siku kavu utamlipa kutoka hapo.